Mrushaji Hasemeshwi

Katika mji wa Corbin Hollow, mwaka ule wa thelathini na sita, mwanamume aliyetaka kuacha kuchimba makaa ya mawe alikuwa na njia mbili: afe, au arushe mpira vizuri kuliko wenzake. Leonard Kostelnik aliipata njia ya pili. Kilichowashinda watu kumsamehe ni alichofanya baadaye, yaani kwenda kusomea udaktari.

Si kwamba walimchukia. Afadhali wangemchukia. Walimpenda mno, ila walimpenda kwa mambo yaliyokwisha. Mtu angekuja zahanati na kifua kinachokoroma, Leonard angemsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, angemweleza kwamba mapafu yamejaa vumbi na kwamba akiendelea kushuka shimoni hatafika miaka hamsini. Mtu huyo angefunga vifungo vya shati taratibu, kisha angeuliza, "Hivi Len, lile kombora la mwisho kule Boston, ulilishikaje? Vidole viwili au vitatu?" Kesho yake angeshuka shimoni kama kawaida.

Alikuwa amecheza besiboli ya kulipwa misimu saba, katika timu kubwa ya Filadelfia. Wachezaji wenzake walimwita Profesa, kwa sababu ndani ya treni wao wakicheza karata yeye alikuwa amefungua kitabu cha mifupa. Kipindi cha baridi, mpira ukilala, alirudi chuo cha utabibu, na huko maprofesa wenyewe walimwita yule mcheza mpira. Mmoja alimwambia mbele ya darasa zima kwamba mikono yake inafaa kushika gongo, si kisu. Leonard aliyameza maneno hayo. Akamaliza masomo, akarudi kwao, akafungua zahanati jirani na kanisa, akiamini kwamba sasa angalau watu wake watamwita daktari. Wakamwita Len. Mahali pekee alipojisikia mtu kamili ni kwenye benchi la timu ya mji, Jumapili baada ya misa, ambako alikaa kama daktari wa timu na hakuna aliyejali kama anajua dawa au hajui.

Sasa, watu wa besiboli wana mwiko wao, na Corbin Hollow waliushika kuliko hata mwiko wa nyama siku ya Ijumaa. Mchezo una zamu tisa. Ikitokea mrushaji amefika katikati ya mchezo na hakuna mpinzani hata mmoja aliyeupiga mpira wake na kukimbia hadi kituo cha kwanza, basi mrushaji huyo hasemeshwi. Hakuna anayekaa karibu naye. Hakuna anayetaja kinachoendelea. Akirudi benchini kupumzika anaachiwa upande mzima, akae peke yake mpaka amalize au mpaka apigwe. Anayefungua mdomo ndiye aliyeua mchezo, na atalaumiwa hadi kaburini.

Leonard mwenyewe alikuwa ushahidi wa jambo hilo. Siku moja kule St. Louis alifika zamu ya tisa bila kupigwa hata mara moja. Daktari wa timu, mzee mmoja mwenye ndevu za mbuzi, akamsogelea akamuuliza, "Bega linasemaje, kijana?" Basi. Mpigaji wa kwanza aliyefuata akautandika mpira hadi ukutani. Mchezo kama ule Leonard hakuupata tena maishani. Kisa hicho alikisimulia kila baa, kila harusi, na hakuwahi kukimaliza bila kumtukana yule mzee. "Daktari mjinga," alikuwa akisema, hata baada ya yeye mwenyewe kuwa daktari, na watu walicheka wakamwongezea bia.

Dada yake Marta alikuwa ameolewa na Andrej Hudak, mchimbaji, na mtoto wao wa pekee aliitwa Emil. Emil alikuwa na miaka ishirini na mmoja na mkono wa kushoto ambao mji mzima uliuzungumzia. Leonard ndiye aliyemfundisha kurusha, nyuma ya nyumba, tangu akiwa mdogo. Jumapili ile ya Julai walicheza na mji wa Tolliver, na jukwaani, safu ya mbele, alikaa mzee wa kofia nyeupe aliyetumwa na klabu kubwa ya Pittsburgh kuja kumtazama Emil. Kila mtu alijua. Andrej, ambaye kikohozi kilikuwa kimeshamla nusu, alivaa suti yake ya harusi. Kama Emil angechukuliwa, asingeshuka shimoni tena, na huenda baba yake naye angepanda juu.

Zamu ya tatu, Emil alishika gongo. Alirusha kwa kushoto lakini alipiga kwa kulia, ndiyo maana ubavu wake wa kushoto ulimwelekea mrushaji wa Tolliver. Mpira ukamponyoka yule jamaa, ukamkuta Emil kwenye panja, juu kidogo ya sikio la kushoto. Miaka ile kofia ilikuwa kitambaa tu. Emil akaanguka, kisha akainuka, akajipangusa vumbi makalioni, akacheka.

Leonard alikuwa ameshamfikia. Alimshika kidevu, akamtazama macho, akamfuatisha kidole.

"Rais wa nchi nani?"

"Yeyote yule, mjomba, baba bado anakohoa."

"Nijibu vizuri. Kichwa kinauma?"

"Kimegongwa na mpira, kisiume?"

"Ungepumzika, Emil. Panja ni mahali pabaya. Mfupa wa hapo ni mwembamba, na kuna mshipa unapita chini yake."

Emil akashusha sauti. "Na yule wa kofia nyeupe nimwambie nini? Apite tena mwakani? Wewe uligongwa kichwani mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ukawa daktari. Basi mimi kwa hii moja si haba, nitakuwa hata katibu wa parokia."

Benchi zima likacheka. Kocha Dzurik, muuza nyama mwenye tumbo la kutosha watu wawili, akasema, "Mwache acheze, Len, kichwa cha Mhudak hakipasuki kwa mpira. Jaribu nyundo." Leonard naye akatabasamu, lakini hakumwachia kidevu.

"Nisikilize. Kila ukirudi hapa kupumzika nitakutazama macho. Kila mara. Nikiona kitu sikipendi, unatoka, na kofia nyeupe arudi kwao."

"Sawa, Daktari," akasema Emil.

Alimwita Daktari, mbele za watu. Leonard alilisikia neno hilo na likampendeza kupita kiasi.

Zamu ya nne alitimiza ahadi. Mboni zilikuwa sawa, zote mbili zikisinyaa kwenye mwanga. Emil alilalamika kwamba jua ni kali, akanywa maji, akarudi uwanjani.

Zamu ya tano alirudi akitembea polepole. Hakuja benchini moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya banda la wachezaji, na Leonard akamsikia akitapika. Kisha akaingia, akapita mbele ya wote, akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi akaegemeza kichwa ukutani. Leonard akainuka ili amfuate. Alikuwa ameshapiga hatua alipogundua kwamba benchi limehama. Lesko, mdakaji wao, aliyekuwa akikaa bega kwa bega na Emil tangu utotoni, amejibana upande huu. Wengine nao. Kati yao na Emil kulikuwa na ubao mtupu. Hakuna aliyemtazama. Wote walikodolea macho vidole vya miguu yao kama watu walio kwenye toba.

Leonard akatazama ubao wa matokeo. Upande wa Tolliver ulikuwa sifuri tupu. Hakuna aliyeupiga mpira wa Emil hata mara moja.

Akakaa.

Alijiambia mambo mengi pale alipokaa. Joto. Kabichi na tambi za Marta, ambazo Emil alikula sahani mbili. Hofu ya yule mzee. Yeye mwenyewe aliwahi kutapika kabla ya mchezo Cincinnati, na siku hiyo alirusha vizuri. Maelezo yote hayo yalikuwa ya mcheza mpira. Daktari ndani yake alikuwa na neno moja tu la kusema, tena fupi: aliyegongwa panja akatapika anatolewa. Alilisikia neno hilo barabara. Lakini alimkumbuka mzee mwenye ndevu za mbuzi, akaona uso wake mwenyewe umevaa zile ndevu.

Zamu ya sita Emil aliwatoa wapigaji watatu mfululizo. Watu jukwaani walianza kukaa kwa kimya kile cha kanisani, maana nao walikuwa wameelewa. Andrej alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mzee wa Pittsburgh aliacha kutafuna tumbaku yake.

Zamu ya saba ndiyo iliyomaliza ubishi. Lesko alimrudishia Emil mpira kwa upole, vile wanavyorudishiana siku nzima, nao ukapita kwenye glavu ukaanguka. Emil akauokota. Mara nyingine tena, glavu ikawa imeshuka hadi pajani, mpira ukampiga kifuani. Jukwaani mtu akacheka. Leonard hakucheka. Glavu ilikuwa mkono wa kulia. Aliangalia mguu wa kulia: ncha ya kiatu ilikuwa ikiburura vumbi kila Emil alipotembea. Kichwa kimegongwa kushoto, mwili unalegea kulia. Hilo halihitaji vitabu vingi. Damu ilikuwa ikijikusanya chini ya mfupa, ikiusukuma ubongo pembeni, na mkono wa kushoto, mkono wa dhahabu, ndio pekee uliokuwa haujapata habari. Kulikuwa na muda bado. Mkoba wake ulikuwa miguuni pake, na zahanati ilikuwa mtaa wa pili, ikiwa na kekee ya kutobolea fuvu aliyoitumia mara mbili kwa wachimbaji walioangukiwa na miamba, na wote wawili walipona.

Akainuka. Emil alipoingia na kwenda kule mwisho, Leonard akapita mbele ya goti la Dzurik, na Dzurik akamshika mkanda.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtazama macho."

"Len." Dzurik alinong'ona bila kumwangalia. "Wewe? Katika watu wote wa dunia hii, wewe ndiye wa kwenda pale?"

"Anaumwa, Mike. Mkono wa kulia umelegea."

"Harushi kwa kulia. Zimebaki zamu mbili. Zamu mbili, Len, halafu mchukue, mlaze, mpe sindano zako zote. Yule mzee ameshatoa kalamu." Kisha akamwachia mkanda, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kumshika. "Nenda basi. Nenda kamuulize bega linasemaje."

Mtu mmoja kwenye benchi akatoa pumzi puani. Leonard akabaki amesimama, mkono kwenye paa la banda. Hatua za kufika pale alipokaa mtoto wa watu hazikuwa nyingi. Alichohitaji ni kuwa daktari kwa dakika moja mbele ya watu waliompenda kwa sababu nyingine. Akarudi kukaa.

Zamu ya nane Emil alichelewa kuinuka kwenda uwanjani. Alisimama akishika ukuta, akageuza kichwa, akamtafuta mjomba wake. Leonard aliona wazi kabisa, hata kutoka upande huu wa benchi: mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imefunguka kubwa, nyeusi, imetulia.

"Mjomba," akasema Emil.

Benchi zima likashtuka. Mrushaji mwenyewe ndiye aliyevunja mwiko, na hakuna aliyejua sheria inasemaje hapo. Wote wakamgeukia Leonard. Na Leonard Kostelnik, aliyeapa kwa mikono miwili juu ya maisha ya watu, aliinamisha macho chini akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Emil alingoja kidogo. Kisha akaenda zake uwanjani, akiburura mguu.

Alimaliza. Hilo mji unalisimulia hadi leo, na katika hilo hawaongopi. Mpira wake ulikuwa umepungua kasi lakini watu wa Tolliver walikuwa wameshaingiwa na woga, wakapiga hewa na vumbi. Mpigaji wa mwisho aliuinua mpira juu sana, Lesko akaudaka, na uwanja ukalipuka. Wakamrukia Emil, wakambeba mabegani. Wakamzungusha nusu ya uwanja kabla Lesko hajaona kwamba kichwa kinayumba na mate yanatoka.

Leonard alimbeba mwenyewe hadi zahanati; hakungoja gari. Alinyoa nywele juu ya sikio, akatoboa. Damu iliruka nyeusi, nyingi, kama alivyojua itaruka tangu zamu ya saba. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Ilikuwa kazi safi, ya daktari hodari. Yule profesa angeiona angeomba radhi. Emil akafa mezani jua likiwa bado juu ya mlima, huku nje watu wakiwa bado hawajaacha kuimba.

Walimzika Jumatano. Migodi ilifungwa siku nzima, jambo ambalo kampuni haikulifanya hata kwa watu waliofukiwa. Baada ya mazishi mji mzima ulijaa nyumbani kwa Hudak, wanaume sebuleni na uani, wanawake jikoni. Ndipo Leonard alipoonja heshima aliyoitafuta maisha yake yote. Mmoja baada ya mwingine walimjia wakamshika mkono. Dzurik alilia begani pake. "Ulimwachia amalize," akasema. "Daktari mwingine angemtoa. Angekufa hivyo hivyo, tena bila mchezo wake."

"Asingekufa," Leonard akasema.

Dzurik akampigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto. "Usijitese, Daktari."

Wote walikuwa wanamwita Daktari sasa. Andrej, ndani ya ile ile suti ya harusi, alikohoa kwanza, kisha akasema, "Shemeji, asante. Ulimheshimu mwanangu." Leonard alitaka kumwambia. Alifungua mdomo kabisa. Andrej akadhani anataka kulia, akamkumbatia, na maneno yakafia kwenye kola ya suti.

Akakimbilia jikoni. Wanawake walipomwona wakatoka mmoja mmoja, wakamwacha na dada yake. Marta alikuwa anaosha vyombo, mikono imezama kwenye povu hadi viwiko. Hakugeuka.

"Leonard. Uliona lini?"

Alijua anaulizwa nini. "Zamu ya nane," akasema. "Ilikuwa imeshachelewa."

Marta akasuuza sahani, akaisimamisha ikauke.

"Mimi niliona ya tano," akasema. "Alipotapika nyuma ya banda. Kule juu jukwaani tunaona vizuri kuliko nyinyi. Nikasimama. Andrej akanivuta gauni, nikamwambia mwiko wenu nautemea mate, yule ni mwanangu. Nikashuka ngazi zote mpaka kwenye uzio, nikashika waya, nikafungua mdomo nimwite."

Leonard akashika ukingo wa meza.

"Nikakuona wewe. Umeinuka, umemtazama. Halafu ukakaa. Nikasema moyoni, mshukuru Mungu, Marta, kaka yako ni daktari na yupo pale pale, ameshamtazama, kama kungekuwa na jambo asingekaa." Alichukua sahani nyingine. "Nikarudi zangu kukaa."

Sebuleni mtu alikuwa ameanza kuusimulia mchezo upya, tangu zamu ya kwanza, na wengine wakimsahihisha. Marta alimaliza ile sahani, akanyoosha mkono nyuma bila kumtazama.

"Nipe hivyo vikombe," akasema.